Binamu wa Nyiragongo

Mtu wa Goma anayekwenda Ubelgiji huanza kwa kuipa Ubelgiji kisogo. Viza haiombwi Goma. Inaombwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 upande wa magharibi, na kati ya miji hiyo miwili hakuna barabara ambayo mtu ataishika na karatasi zake za chuo kwenye bahasha akatarajia kufika. Kwa hiyo nilipanda ndege, nikalala kwa shangazi huko Masina, nikapeleka barua ya kupokelewa kwa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Liège chini ya mpango wa Erasmus+, nikaweka alama za vidole, nikangoja. Asubuhi shangazi alinisalimia kwa Lingala kwa sauti kubwa ili majirani wasiulize maswali mengi kuhusu mtoto wa Mashariki. Pasipoti iliporudi na kibandiko chake nilirejea Goma kuaga, nikavuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi la Kigali, na kutoka Kigali ndege ya usiku ikanichukua hadi Brussels. Sehemu kubwa ya pesa za safari ya Ulaya ilikwisha ndani ya Congo.

Ilikuwa Septemba 2022. Waasi wa M23 walikuwa wameshika mji wa mpakani wa Bunagana tangu Juni, askari wetu mmoja alikuwa ameuawa kwa risasi mpakani, na tangu hapo upande wa Congo ulikuwa ukifunga njia saa tisa alasiri. Mama alinisindikiza hadi kivuko cha mpaka cha Grande Barrière akiwa na mfuko wa sambaza wakavu, maana anawauza soko la Virunga na hamwamini mtu mwingine kwa samaki.

“Kule utakula nini?” aliniuliza. “Bazungu banakulaka mukate tu, asubui mpaka mangaribi.”

Nikamwambia wanakula na viazi. Hakuona kama hiyo ilikuwa habari njema.

Kilichonipeleka ni mlima. Kwetu ni Majengo, kaskazini mwa mji, upande ambao lava hutokea. Januari 17, 2002, Nyiragongo ulipopasuka, nilikuwa mtoto wa mgongoni. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Mama alinibeba hadi Gisenyi na baada ya siku chache akanirudisha, kama maelfu ya wengine ambao mashirika ya misaada yaliwasihi wabaki kambini Rwanda wakakataa. Anasema walikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa ya moto, na kandambili za watu zikawa zinanata. Mei 22, 2021, ulipopasuka tena jioni, nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia na nilikimbia kwa miguu yangu mwenyewe. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikameza vijiji na nyumba kwa maelfu, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Alfajiri ya Mei 27 gavana wa kijeshi akatangaza kwamba mitaa kumi ihame mara moja, Majengo ikiwemo. Tukashika njia ya Sake pamoja na mji mzima.

Usiku huko Sake, tukiwa tumelala kwenye darasa la shule, wazee walikuwa na mjadala mmoja tu: nani alijua, na alijua lini. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba fedha za nje za kufuatilia volkano zilikatika mwaka 2020, na kwamba kwa miezi kadhaa waangalizi wetu walikosa hata intaneti ya kupokea taarifa za mitambo iliyoko mlimani. Baba alisikiliza, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nasomea mambo hayo. Sikuwa na jibu la maana. Ramani niliyoifahamu vizuri kuliko zote ilikuwa nakala ya nakala ya ramani iliyochorwa Ubelgiji.

Watu wa Liège walinionea huruma kwa sababu ya baridi, na huruma yao niliipokea bila kubishana, hasa ilipokuja na koti. Lakini Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na sweta si kitu kigeni kwetu. Mwaka ule bei ya gesi ilikuwa imepanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, majengo ya umma yakawa yanapashwa joto hadi nyuzi 19 tu, Wabelgiji wakalalamika, mimi nikawa sawasawa kama nyumbani. Kilichonitesa ni giza. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kutua saa kumi na nusu jioni, na hilo jua lenyewe mara nyingi ni tetesi. Nilikuwa napanda basi namba 48 kwenda kampasi ya Sart Tilman, juu msituni, usiku, na kurudi usiku, huku saa ikisema nimeshinda mchana kutwa darasani.

Nilipanga chumba Chênée, pembezoni mwa Liège, pale mto Vesdre unapoungana na Ourthe. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyefiwa na mumewe. Siku ya kwanza nilimwita Mama, kama ambavyo ningemwita mwanamke yeyote wa umri wake Goma. Akacheka, akasema hakuna aliyewahi kumwita hivyo nje ya watoto wake, na tangu siku hiyo akakataa kuitwa Madame. Ukutani, sebuleni, palikuwa na mstari wa kahawia uliofika karibu na bega langu. Alikuwa amepaka rangi kuta zote akauacha huo mstari. Ni alama ya maji ya Julai 14 na 15, 2021, mafuriko yaliyoangusha nyumba Pepinster na Verviers na kuua watu 39 katika Ubelgiji. Wiki saba hivi baada ya mlima wetu.

Hapo ndipo tulipopata la kuongea, maana kwa habari ya hali ya hewa na bei za vitu mazungumzo yetu yalikuwa yakiisha haraka. Alinieleza jinsi uongozi wa Liège ulivyoomba watu waondoke kando ya mto, na jinsi yeye alivyopanda ghorofani na paka badala ya kuondoka. Nikamweleza kuhusu tangazo la alfajiri na barabara ya Sake. Akauliza kama tulifidiwa. Nikauliza yeye je. Akanitolea faili la barua za bima, nene kama Biblia, na akazisoma nyingine kwa sauti huku akigonga meza. Nilimwacha amalize. Sisi hatukuwa na mtu wa kumwandikia barua, kwa hiyo hatukuwa na faili, na sikujua kama nimwonee wivu au huruma. Baadaye aliuliza kwa nini watu wanarudi kujenga juu ya lava. Nikamtazama, nikautazama mstari wa ukutani, akasema basi, basi, ameelewa, nile supu.

Masomo yenyewe sitayaeleza yote. Hesabu za mawimbi ya tetemeko ni zilezile kila mahali. Jambo moja tu lilinishangaza: mhadhiri alionyesha ukutani michirizi ya mtandao wa vituo vya kupima mitetemeko uitwao KivuSNet, na michirizi ile ilikuwa ya kwetu. Vituo viko kandokando ya milima ya Virunga. Taarifa zake zinaruka hadi Goma na pia hadi Luxembourg, kwenye kituo cha jiodinamikia cha Walferdange. Mlima ukikohoa, Luxembourg husikia wakati mmoja nasi, na siku za kukatika umeme labda husikia kabla yetu. Wanafunzi wenzangu waliandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa natafuta kituo kilicho karibu na nyumbani nijue kama wamelala salama.

Mwezi Oktoba tulikwenda Ujerumani, eneo la Eifel, mwendo wa saa chache kwa basi. Nilidhani ni matembezi ya kuona milima ya zamani, iliyokufa. Tukafika kwenye ziwa la duara lililozungukwa na msitu, Laacher See, na ng'ambo yake abasia ya Maria Laach iliyoanzishwa mwaka 1093. Kuna mahema ya watalii, kuna boti za kukodi, kuna duka la watawa linalouza vitabu na maua. Ziwa hilo ni shimo lililobaki baada ya mlipuko wa takriban miaka 13,000 iliyopita, ambao majivu yake yamekutwa mpaka Sweden na Italia. Mwalimu akatupeleka ukingo wa mashariki, kwenye njia nyembamba kando ya maji, akasema tuangalie chini. Maji yalikuwa yakitoa viputo mfululizo, kama Fanta iliyofunguliwa sasa hivi. Kaboni dayoksaidi, moja kwa moja kutoka tumboni mwa ardhi.

Wenzangu walipiga picha. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, na mwalimu aliniona. Kwetu gesi hiyo tunaiita mazuku. Inakaa mabondeni, karibu na Lac Vert, Bulengo, na pembezoni mwa ziwa, haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na asubuhi isiyo na upepo unakuta mbuzi amekufa bila jeraha. Watoto wa Goma hufundishwa kutoinama kwenye mashimo. Mwalimu akaniomba niwaeleze wenzangu, nikawaeleza nikiwa nimesimama wima kabisa, na nikaona watu wakianza kuinua videvu.

Kisha likaja somo lililonifanya niupende msimu ambao nilikuwa nausema vibaya. Kwa nini Laacher See, yenye gesi hiyo yote, haiui mtu? Kwa sababu kila majira ya baridi maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama, na ziwa zima likajigeuza juu chini na kuitoa gesi yake pole pole. Tena ni dogo, kina chake ni mita 50 hivi. Kivu, ziwa letu, ina kina cha mita zipatazo 480, iko karibu na ikweta, haina baridi ya kuigeuza. Maji yake ya chini yamebaki chini kwa karne nyingi, mazito kwa chumvi na gesi: wataalamu wanakadiria kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni tone tu mbele ya Kivu, lilijigeuza ghafla usiku mmoja wa Agosti 1986 na kuua watu karibu 1,700 vitandani mwao. Rwanda imekuwa ikivuta methani ya Kivu kwa mtambo wa KivuWatt ulioko karibu na Karongi tangu 2016, na kupata megawati 26 za umeme. Upande wetu, mpaka naondoka, gesi ile ilikuwa haijawasha hata balbu moja ya Goma. Nililisema hilo kwenye basi la kurudi, kwa Kifaransa kikali kidogo, na mwenzangu Mjerumani akanipa biskuti.

Kuhusu Paris: nilikaa siku moja, mvua ilinyesha, nikaona mnara, nikarudi. Picha ya mnara ndiyo iliyopendwa kuliko zote nyumbani. Ya viputo hakuna aliyeiuliza.

Tervuren nilikwenda peke yangu. Kutoka Montgomery, Brussels, unapanda tramu namba 44 inayokatiza msituni hadi mlangoni mwa jumba la makumbusho ya Afrika ambalo Leopold wa Pili aliagiza lijengwe na likafunguliwa mwaka 1910, yeye akiwa ameshafariki. Lilifungwa miaka mitano kwa marekebisho, likafunguliwa tena Desemba 2018, na siku hizi linajaribu kujieleza. Hapo bustanini, mwaka 1897, Wacongo 267 waliletwa kwa ajili ya maonyesho, wakawekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji waje kuwatazama. Saba walikufa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji. Ndani ya jumba kuna ukumbi wenye orodha ndefu ya Wabelgiji waliofia Congo, imeandikwa ukutani. Msanii wetu wa Kinshasa, Freddy Tsimba, hakuruhusiwa kuugusa ukuta, basi akaandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha, ili jua likipiga, vivuli vya majina vitue juu ya majina ya Wabelgiji. Kazi ya akili sana. Siku niliyokwenda hapakuwa na jua, na nikajiuliza kama kuna mtu aliyemtahadharisha Tsimba kuhusu Novemba ya Ubelgiji.

Lakini sikwenda kwa ajili ya ukumbi huo. Nilikuwa nimeomba kuona picha za angani za miaka ya 1950, maana jumba lile linatunza picha nyingi mno za namna hiyo, zilizopigwa juu ya Congo, Rwanda na Burundi. Wafanyakazi wa makumbusho walinipokea vizuri, wakaniwekea picha mezani na kioo cha kukuzia. Ilinichukua muda kuipata Goma. Nilikuwa natafuta mji. Palikuwa na bandari ndogo, nyumba za wakoloni kando ya ziwa, njia chache zilizonyooka, na juu yake, kaskazini, pale ambapo leo wanaishi watu kwa mamia ya maelfu, hapakuwa na kitu. Vichaka tu, na ndani ya vichaka ndimi nyeusi za lava ya kale, moja, nyingine, nyingine, zikiteremka kuelekea ziwani. Niliufuata mmoja kwa ncha ya penseli bila kugusa karatasi. Ulipita Majengo. Si karibu na Majengo. Ulipita penyewe, kwa upana wa mtaa wetu, kabla ya mtu yeyote wa kwetu kununua kiwanja.

Nilikaa na picha ile mpaka wakanikumbusha kwamba wanafunga. Hasira ilikuwepo, nisidanganye, ila haikujua iende kwa nani. Kwa Mbelgiji aliyepiga picha akaondoka nayo? Kama angeiacha Goma, lava ya 2002 au moto wa mojawapo ya vita vyetu ungekuwa umeshaila. Kwa babu aliyenunua kiwanja? Alikimbia Masisi na watoto, akanunua alichoweza kulipia. Niliomba nakala ya kidijitali, nikapewa, nikaipeleka kwa Baba kwa simu. Akajibu baada ya saa nzima: “Sasa nyumba yetu ni wapi hapa?” Nikamwekea duara jekundu. Hakujibu tena siku hiyo.

Wiki hizohizo mambo nyumbani yaliharibika. Mwishoni mwa Oktoba M23 waliichukua Rutshuru na Kiwanja. Novemba walikuwa Kibumba, kilomita kama ishirini kutoka mjini. Watu waliokimbia walijaa Kanyaruchinya, wakafunga mahema ya turubai juu ya mawe ya lava ambayo hayapigiki hata kigingi. Mama alinitumia ujumbe wa sauti akiwa sokoni: bei ya maharage, bei ya makaa, shemeji amefika na watoto, mimi nisome. Jumapili ya Novemba 27 nilikuwa Matonge, Brussels, nimekwenda kununua unga wa muhogo, Moroko ikaifunga Ubelgiji mabao mawili kwa bila kwenye Kombe la Dunia, na katikati ya mji vijana wakachoma moto vitu na polisi wakarusha maji. Wacongo waliokuwa kwa kinyozi walitazama kwa utulivu wa watu waliokwishaona. Mzee mmoja aliyenisikia nikiongea Kiswahili na simu aliniuliza kwa Lingala natoka wapi, nikasema Goma, akanyamaza, kisha akamwambia kinyozi anipishe kiti. Sikuwa nimekuja kunyoa. Nilikaa hivyo hivyo.

Likizo ya Krismasi nilikuwa na uchaguzi wa kubaki Chênée na kusikiliza simu, au kwenda Sicilia kwa tiketi ya bei ya chini kutoka Charleroi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenisukuma. Alisema nimeona binamu wa mlima wangu aliyelala, sasa nikamwone aliye macho.

Catania ni mji mweusi. Hakuna aliyeniambia hivyo kabla, na nilipotoka kwenye basi la uwanja wa ndege nilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Barabara zimetandikwa mawe meusi, kuta za makanisa ni nyeusi zikiwa na urembo wa jiwe jeupe, na katikati ya uwanja mkuu kuna tembo mweusi wa lava akiwa amebeba nguzo mgongoni. Tembo! Wenyeji wanampenda kama sisi tunavyoipenda sanamu ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao, pale kwenye mzunguko wetu. Mwisho wa Via Etnea, barabara ndefu iliyonyooka, unauona mlima wenyewe ukiwa na theluji na moshi. Desemba ile Etna ulikuwa unatoa lava kidogo karibu na kilele, na wenye maduka walikuwa wakifunga milango jioni bila hata kuinua macho. Nilijihisi nyumbani kiasi cha kumwuliza muuza samaki wa sokoni bei kwa Kiswahili.

Ngome ya Ursino, iliyojengwa karne ya 13, ilikuwa kandokando ya bahari. Leo iko ndani ya mji, mbali na maji, na pembeni yake kuna mtaro unaokuonyesha mwamba wa lava uliofika mwaka 1669 ukaizunguka, ukaendelea, ukaisukuma bahari nyuma. Mwaka ule ardhi ilipasuka karibu na Nicolosi mwezi Machi, na lava ikatembea wiki nyingi kuelekea Catania. Hapo ndipo nilipokutana na kisa cha Diego Pappalardo. Alikusanya watu kama hamsini, wakajivika ngozi mbichi za ng'ombe zilizoloweshwa maji, wakapanda na sururu na mitaimbo hadi kwenye ukingo wa mto wa lava, wakaubomoa ubavu wake ili ugeuke. Na uligeuka! Mkondo ukaanza kutoka pembeni, Catania ikapumua. Ila upande ule mpya kulikuwa na mji wa Paternò. Watu wa Paternò wakaja na silaha, mamia yao, wakawafukuza akina Pappalardo, tobo likajiziba lenyewe, lava ikarudi njia yake, ikaingia Catania.

Nilisoma habari hiyo nimekaa juu ya ukuta wa lava, nikila mkate uliojazwa dengu za kukaanga. Waitalia waliendelea kujaribu karne tatu baadaye: mwaka 1983, na tena 1992, walipochimba, wakalipua, wakajenga tuta, na mji wa Zafferana ukanusurika. Lava ya Etna ni nzito, mara nyingi unaweza kutembea mbele yake. Ya Nyiragongo ni nyepesi mno. Januari 10, 1977, ziwa la lava lilimwagika lote kutoka kreta katika muda usiozidi saa moja, likateremka kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa, na idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Hapo ngozi ya ng'ombe haisaidii.

Bandarini nilikutana na kijana wa Guinea aliyekuwa akiuza soksi na miavuli. Mwezi mmoja na kitu kabla ya hapo, meli ya uokoaji Humanity 1 ilikuwa imefungiwa kwenye gati la bandari hiyo, serikali ikiwateremsha baadhi ya watu na kuwaacha wengine ndani. Aliniuliza kwa Kifaransa nimepitia wapi. Libya? Tunisia?

“Charleroi,” nikamwambia.

Akafikiri ni bandari ya Libya asiyoijua. Nilipomweleza kuhusu viza, alitaka kuiona, nikamwonyesha pasipoti, akaigeuza kurasa zote kwa uangalifu kama ofisa, akanirudishia, akaniuzia mwavuli kwa bei ambayo nina hakika si ya ndugu.

Nilirudi Goma mwishoni mwa Januari 2023, nikawahi mpaka kabla ya saa tisa. Chuoni waliniomba nieleze nilichoona. Walivumilia picha za viputo, wakauliza kodi ya chumba Liège ni kiasi gani, wakauliza kama kweli kule profesa anapanda basi. Nilipoonyesha picha ya angani, ukumbi ulinyamaza na kila mmoja akaanza kutafuta mtaa wake. Kisha nikawasimulia kisa cha Pappalardo, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mmoja akasema ukuta ujengwe juu ya Munigi, kaskazini mwa mji. Mwalimu akakumbusha kwamba mwaka 2002 ufa ulifunguka hadi Munigi penyewe, kwa hiyo lava ingetokea chini ya ukuta, hakuna aliyemsikiliza. Lava ingegeuzwa wapi? Mwingine, wa mtaa wa Katindo, akasema mashariki, kuelekea Gisenyi, watu wakacheka na kupiga meza, naye akasema hatanii. Kijana wa Buhene akasimama. Mwaka 2021 lava ilikuwa imeishia kwao.

“Nyinyi ba Katindo,” alisema, “munataka sisi ndiyo tukuwe Paternò yenu?”

Yule wa Katindo akajibu kwamba Katindo haijataja Buhene, imetaja mashariki. Na mashariki yenu inapitia wapi, akaulizwa. Ramani ikarudishwa ukutani. Baada ya kelele nyingi ilipendekezwa kwamba ukuta wowote, hata wa kufikirika, usichorwe kabla watu wa Buhene hawajaulizwa, na pendekezo likapigiwa kura. Lilipita kwa wingi mkubwa. Buhene walikuwa wamejaa safu tatu za mbele, na wa Katindo wengi walikuwa wameshakwenda kula.